Delbert Anashuka Kwenye Treni

Tuseme ukweli mapema, kabla hajafika mwenyewe akatuziba mdomo: Delbert Krantz hakwenda vitani. Vijana wenzake walipopelekwa Korea, daktari wa jeshi alimwangalia nyayo, akazikuta bapa kama ubao, akamrudisha kwa mama yake. Vita vyote Delbert alivipigana nyuma ya kaunta ya duka la dawa la baba yake, hapo Prairie Fork, Nebraska, akiuza sabuni na dawa ya kikohozi.

Ila sura alikuwa nayo, hilo hatumnyimi. Taya pana, meno yamejipanga, nywele zimelala utadhani zimepigwa pasi. Ndiyo maana wapiga filamu wa serikali walipokuja kuonyesha jinsi mji mdogo unavyompokea mwanajeshi wake, walimtazama mwanajeshi mwenyewe, Emmett Vlasak, aliyekuwa amerudi juzi tu, amekonda, jicho moja linachezacheza, wakamwomba kwa adabu asogee pembeni. Kisha wakamwona Delbert, aliyekuja kuchungulia tu kama watu wengine. Wakasema: huyu hapa!

Filamu yenyewe ilikuwa fupi. Treni inaingia, bendera zinapepea, Delbert anashuka na koti la jeshi lenye nishani, na Wilma Oberg, binti wa mchungaji, anamkimbilia na kumkumbatia. Sinema zote za Marekani zikaionyesha. Mwaka uliofuata wawili hao wakaoana. Mchungaji angefanyaje, na nchi nzima imeshamwona binti yake kifuani mwa yule kijana?

Tangu hapo, kila mkesha wa Siku ya Kuwakumbuka Wanajeshi, mji unakula chakula cha jioni kwenye ukumbi wa wapiganaji wa zamani, halafu filamu inawashwa. Miaka ya mwanzo Delbert alikuwa anasema, "Mimi niliigiza tu jamani." Baadaye akawa hasemi kitu. Baadaye tena akaanza, "Tuliporudi kutoka kule..." Siku hizi, nywele zimeisha na koti halifungi tena tumboni, anasimulia mpaka hali ya hewa. "Baridi ya Korea, we acha tu! Mkojo unaganda kabla haujafika chini!"

Na waliofika Korea wenyewe, wameketi palepale, wanafanya nini? Wanainamia sahani zao na kuomba wasogezewe saladi ya viazi. Ndivyo walivyo watu wa Prairie Fork. Watakuacha udanganye mpaka kaburini, lakini kukuaibisha mbele ya chakula, thubutu!

Kwa adabu hiyohiyo jina lake likaingia kwenye jiwe. Kamati ya vijana ilikuwa inachongesha jiwe la kumbukumbu la waliopigana, na vijana walichokuwa wanakijua ni filamu. Wakamwandika Delbert, wazee wakakohoa, basi. Naye alilitaka jiwe lile jamani, alilitaka mpaka analiota. Baba yake alikufa akimwita "yule aliyebaki nyumbani." Jiwe lingezinduliwa asubuhi ya sikukuu, mbele ya uwanja wa mahakama, na Delbert akaona si heshima kuonyesha usiku wa mkesha ile filamu ya zamani iliyochakaa. Akaandika Washington, kwenye hifadhi ya filamu za serikali, waletewe nakala safi.

Mkesha ulipofika, ukumbini, Harlan Stubbe, mkuu wa wapiganaji, aliyeacha vidole viwili Korea, akalifungua boksi na kukuna kichwa.

"Delbert, mbona makopo mengi hivi? Filamu yetu si fupi?"

"Wametuma yote, bwana! Hata vipande ambavyo havikutumika. Weka yote, watu waone kazi ilivyokuwa."

"Umeviangalia kwanza?" akauliza Wilma.

"Niangalie nini, mama? Si mimi mwenyewe nimo humo?"

Taa zikazimwa. Treni ile, bendera zile, na Delbert kijana anashuka. Anajikwaa. Kofia inaviringika chini ya behewa. Watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Anashuka tena, anapiga saluti, ya mkono wa kushoto! Hapo wazee wa jeshi wakapiga meza kwa kicheko, na Delbert akacheka kidogo tu. Kisha anaonekana amesimama na shati jeupe la dukani, na Emmett Vlasak anavua koti lake mwenyewe, nishani na kila kitu, anamvisha, anamfunga vifungo kama mama anayempeleka mtoto shule.

"Kumbe nilikuwa na nywele!" Emmett akapaza sauti kutoka nyuma. Lakini safari hii waliocheka walikuwa wachache. Macho yote yalikuwa kwenye koti alilovaa Delbert pale mbele.

Kikaja kipande kingine. Delbert anashuka vizuri, bila kosa, anatanua mikono. Wilma anakuja mbio, anacheka, machozi yanamtoka. Anampita. Anampita kabisa, kama anavyopita nguzo, mpaka kwa Emmett aliyesimama pembeni na shati lake, anamrukia shingoni. Delbert bado katanua mikono. Mtu mwenye kofia anaingia na kupunga mkono kwa hasira: rudieni.

"Zima, Harlan," akasema Delbert.

"Ulisema yote," akajibu Harlan, lakini akazima.

Kisha mama mmoja akasimama. "Nani hajapata pai ya tufaha?"

Harlan hakutaka pai. "Emmett, jina la Delbert lipo kwenye jiwe. Mchongaji anaweza kulifuta kesho kabla ya sherehe. Koti lilikuwa lako. Sema wewe."

Delbert alishikilia meza kwa mikono miwili. Emmett, mjane mwenye wajukuu tele, akamalizia paja lake la kuku bila haraka.

"Mwacheni bwana. Mimi siku narudi nilishuka nimelewa, natapika. Yeye angalau alishuka vizuri."

Ukumbi ukaangua kicheko, pai ikagawiwa, jiwe likapona. Delbert alipumua mpaka mabega yakashuka. Lakini walipofika kwenye gari, hakuwasha.

"Wilma. Siku ile ulikosea tu, si ndiyo? Jua lilikupiga machoni."

"Sikukosea."

"Sasa?"

"Mpiga filamu akaniambia nirudie, nimkimbilie mwenye koti. Nikarudia." Akafunga mkanda wake. "Mpaka leo narudia, Delbert. Twende nyumbani."

Asubuhi kitambaa kikavutwa, na jina lilikuwepo, KRANTZ, limechongwa likachongeka. Bendi ikapiga, mji mzima ukashangilia. Delbert akageuka kumtafuta mkewe. Alikuwepo mstari wa mbele, anapiga makofi, anatabasamu, lile tabasamu la kwenye filamu, kipande ambacho yule mwenye kofia alikikubali.