Kadi Zilizokuwa Kwenye Droo Yangu

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na tano, katika shule ya jioni pale Pasiansi, na tangu siku ile sijawahi kukosa maoni. Matokeo yalipotoka niliizunguka Ilemela nzima kwa miguu ili watu wapate nafasi ya kunipongeza. Basi wanunuzi wa Ulaya walipokiambia kiwanda chetu cha minofu ya sangara kwamba lazima awepo mtu wa kuhakikisha hakuna utumwa wa kisasa, si kiwandani wala kwa wanaotuletea samaki, meneja alitazama ofisini akaniona mimi, nimeshasimama.

Nikapewa kizibao chenye mifuko kumi na fomu ya kurasa nne. Fomu niliikariri kama sala. Nililipenda zaidi swali la saba: je, mwajiri anashikilia vitambulisho vya wafanyakazi? Nilikuwa nalisoma kwa sauti nzito, halafu nanyamaza ili lizame.

Siku ya kwanza nilishuka mwaloni, ufukweni samaki wanakoshushwa, kwa mzee mmoja mwenye mitumbwi, anayetuuzia samaki miaka yote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu kivulini, mwalimu."

Mimi si mwalimu, lakini sikumsahihisha. Tulipofika swali la saba alijibu bila kupepesa macho. "Ninavyo. Viko ndani kwenye sanduku la bati. Mvuvi ukimwachia kadi yake, kesho utasikia yuko kisiwa kingine na nyavu zako."

Nikasimama. Nilitoa hotuba ambayo kwa makadirio yangu ilisikika hadi Ukerewe. Ndege wa ziwani waliacha dagaa walioanikwa wakanisikiliza. Nikasema mtu uliyemfungia kadi hawezi kuondoka, na mtu asiyeweza kuondoka usimwite mfanyakazi. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu pembeni waliacha kushona. Mmoja alipiga makofi mawili, akautazama uso wa tajiri wake, la tatu akalimeza.

Mzee alisubiri nimalize. "Umesema vizuri. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anakata minofu hapo kiwandani kwenu. Amepata kazi ya upishi chuoni, kule Nyegezi. Wanataka aripoti Jumatatu na kitambulisho. Kiko wapi?"

"Si anacho mwenyewe?"

"Hana. Kila nikimuuliza ananiambia habari za gambuti."

Hapo kizibao kilianza kunibana. Gambuti nilizijua. Kiwandani kwetu kila mama anayeanza kukata minofu hupewa gambuti na aproni, na ili asiondoke navyo anaacha kitambulisho. Utaratibu huo niliubuni mimi mwenyewe. Kikao kizima kilinipigia makofi, hata soda nikanunuliwa. Kadi zilikaa kwenye droo ya meza yangu, zimefungwa kwa mpira, na juu yake ndipo nilipokuwa naweka zile fomu za utumwa.

"Mzee," nikasema, "zile tumezishika kama dhamana tu."

"Na mimi hizi zangu nimezishika kama mapambo?"

Wavuvi walicheka hadi mmoja akajichoma na sindano ya kushonea. Nikaaga. Hata chai niliyokaribishwa sikumaliza.

Kiwandani niliomba yule mama aitwe. Alikuja na gambuti miguuni, ya kushoto imepasuka kisigino, kila akikanyaga inatema maji.

"Kwa nini hukurudisha vifaa ukachukua kadi yako?"

"Nimerudisha, bosi. Stoo wamekataa, wanataka gambuti nzima kama walivyonipa. Imepasukia humu humu kazini. Nikaja kwako mara tatu."

"Nikasemaje?"

"Ulisema nisubiri kwanza, unasoma fomu."

Nikafungua droo, nikaondoa fomu, nikampa kadi yake. Aliifuta kwenye aproni ingawa haikuwa na vumbi, akaitia kifuani. Kisha akavua gambuti zote mbili hapo hapo, akaziweka mezani kwangu, akatoka peku. Meza ilinuka sangara wiki nzima.

Kadi zilizobaki nilizipeleka chumba cha kubadilishia nguo nikaanza kuzigawa. Meneja akanifuata mbio. "Wakiondoka na gambuti je?"

"Wasaini kwenye daftari."

"Wakikimbia nazo?"

"Hajawahi kupatikana mtu wa kukimbia na gambuti, meneja. Hata kutembea nazo ni shida."

Jioni nikajaza fomu ya kiwanda chetu. Kwenye swali la saba niliandika: ndiyo, mpaka leo saa nane mchana. Jibu hilo moja lilinichukua muda kuliko mtihani mzima wa hesabu, na hesabu yenyewe nilifeli.

Jumatatu nikarudi mwaloni, kizibao nimekiacha nyumbani.

"Shemeji yako amekwenda Nyegezi?"

"Amekwenda alfajiri," mzee akasema. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na lile sanduku la bati, akalisukuma kwa mguu mpaka mbele ya wavuvi wake. "Chukueni kadi zenu upesi, kabla huyu hajaanza kuhutubia tena."