Dua Mbele ya Daktari wa Simu

Juzi nilikuwa benchini katika zahanati moja ya Takaungu, nasubiri kufungwa kidonda cha mguu, muuguzi alipomshikia bibi mmoja simu mbele ya uso. Bibi huyo alipata kiharusi miezi iliyopita, mkono wa kulia ukalala. Tangu enzi za korona, daktari wa maradhi hayo huwatazama wagonjwa wetu kwa video, yeye mwenyewe akiwa Mombasa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo? Mamako je?"

Daktari akajibu yote, maana bila hayo bibi hapimiki.

"Sasa inua mikono yote miwili mbele yako, viganja vitazame juu. Fumba macho, wala usiishushe."

Bibi akatii, na midomo ikaanza kumcheza. Benchi zima likajua dua imefunguliwa. Tukainua mikono.

"Amin!"

Daktari hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye ule mkono wa kulia, ambao ulitetemeka lakini haukushuka.

"Mashallah, bibi! Mkono umerudi. Haya, shusha."

"Ngoja kwanza," akasema, macho bado kayafumba. "Sijakufikia wewe."

Kisha, kwenye kile kioo kidogo, tukamwona daktari naye anainua viganja vyake.

Watu hulalamika kwamba daktari wa simu hakugusi. Ni kweli, hakugusi. Lakini niambieni, yule anayewagusa amewahi lini kungoja mmalize dua?