Tumbaku Katika Sikio la Watachoka

Mwanangu, ipo siku moja ya mwezi wa sita ambayo nikiikumbuka mpaka leo meno yananigongana, na si kwa baridi. Nilikuwa kidato cha tatu, nimerudi likizo nyumbani kwetu Lusewa, tumbaku imeshakauka na watu wako kwenye kupanga majani.

Najua nasaha ni kazi ya wazee, na mimi sina hata mvi moja. Lakini nikingoja mvi, hasira itakuwa imepoa, na hasira ikipoa watu husimulia uongo wenye adabu. Sikiliza sasa, wakati bado inachemka.

Tulikuwa na mbwa jike, rangi ya udongo, anaitwa Watachoka. Mama yangu, yaani bibi yako, ndiye aliyempa jina hilo. Baba yangu alipofariki, watu walianza kusema kwamba mjane hawezi tumbaku, mwaka mmoja tu atarudi kwao. Kwetu mtu mwenye neno na majirani hana haja ya kugombana. Anampa mbwa jina. Basi jioni mama alikuwa anasimama uani na sahani ya ukoko, anaita mpaka nyumba ya mwisho isikie: "Watachoka! Watachoka, njoo ule!" Walicheka, lakini ujumbe uliwafika.

Huyu mbwa hakuwa pambo. Nyuma ya nyumba palikuwa na bani, kile kijumba cha kukaushia tumbaku kwa moto, na ubavuni mwake rundo kubwa la kuni. Kwenye kuni hukaa panya, na panya akikaa nyoka hubisha hodi. Mama alikuwa akienda kuchukua kuni alfajiri, Watachoka anatangulia, ananusa, anazunguka, ndipo mama anyooshe mkono. Mara moja swila alimtemea mbwa mate ya sumu machoni. Mama hakutafuta mganga. Alimshika, akamwosha macho kwa maji safi, ndoo baada ya ndoo, mpaka mimi niliyekuwa nachota nikachoka. Mbwa akapona. Kwa hiyo usije ukaambiwa bibi yako hakujua kumtunza.

Tatizo lilikuwa nyasi. Kutoka mlangoni mpaka kwenye bani zilisimama nyasi zinazonifika kifuani, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Baba alipokufa, mji ulikuwa chini ya kaka yake, baba mkubwa Kassian, naye alizitunza nyasi hizo za kuezekea jiko lake. Mama alimwomba zaidi ya mara moja, akamwambia, "Shemeji, nyoka watatumaliza." Jibu lilikuwa lile lile: "Nyoka gani atakaa penye tumbaku? Harufu tu inamfukuza."

Mwanangu, ukizaliwa kwa wakulima wa tumbaku utaambiwa tumbaku inafanya kila kitu. Jino likiuma, tumbaku. Viroboto wakiingia bandani, tumbaku. Baba mkubwa alikuwa na chupa ya maji yaliyolowekwa vumbi la tumbaku, meusi kama kahawa, na aliiamini chupa ile kuliko zahanati. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini yeye alikuwa anadharau miba kwenye miguu ya watu wengine.

Mwezi wa sita nyasi hukauka na kubeba mbegu. Kuna zile mbegu zilizochongoka mbele kama sindano, nyuma zina mkia wa nywele. Zikimpata mnyama zinaenda mbele tu, hazijui kurudi. Zinaingia sikioni, puani, katikati ya vidole, mpaka ndani ya nyama.

Siku hiyo Watachoka alitoka kwenye nyasi anatikisa kichwa. Akakilaza upande mmoja, akawa anajikuna sikio kwa mguu na kulia kama mtoto. Nikapiga magoti, nikamwita taratibu, nikalifunua sikio. Ndani kabisa niliona kimkia chembamba. Nikamwambia mama tumshike vizuri, nikimbie kwa bwana mifugo wa kata.

Baba mkubwa akaja na vijana waliokuwa wanampangia tumbaku, mikono yao yote ya kahawia.

"Kupe huyo," alisema, hata hakuinama. "Leteni chupa."

"Baba mkubwa, siyo kupe. Ni mbegu ya nyasi, nimeona mkia wake."

"Ahaa! Kumbe huko bweni mnasomea udaktari wa mbwa?"

Vijana wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Dokta Dafroza, na mimi sikio linaniwasha, njoo unitazame."

"Njoo uiname uone mwenyewe, baba mkubwa. Inaonekana."

"Sikio halizidi kichwa. Shika miguu."

Sikushika. Nilikunja mikono yangu nikasimama. Mama akajaribu kwa upole wake ule uliomponza maisha yote: "Shemeji, tungoje kidogo. Mbwa ni wangu."

Baba mkubwa akamgeukia. "Na wewe ni wa nani hapa?"

Mwanangu, kuna maneno mtu akiyasema mbele ya watu hayafutiki hata kwa sabuni ya magadi. Mama aliinamisha kichwa. Vijana wakashika miguu, baba mkubwa akamimina nusu ya chupa ndani ya sikio. Watachoka akapiga yowe, akajikung'uta, akaanza kujilamba manyoya yaliyolowa.

Haukupita muda mrefu. Miguu ikaanza kumlegea. Akatapika. Mate yakamtiririka, mwili mzima ukitetemeka, macho yamemtoka. Akapepesuka kuelekea kwa mama, maana hapo ndipo alipozoea kukimbilia, na mmoja wa wale wale waliomshika miguu akapiga kelele: "Kichaa! Mbwa ana kichaa!"

Nikapaza sauti, "Ni tumbaku! Mmemnywesha sumu!" Nani amsikilize msichana? Fimbo zilishatoka. Wanawake walimvuta mama pembeni, "Utaumwa, wewe, utaumwa!" na mama alikuwa anaita tu, "Watachoka, Watachoka," kwa sauti ile ile ya jioni. Hawakuchoka. Walimpiga mpaka akatulia.

Kichaa kikitajwa lazima taarifa ifike kwa bwana mifugo, na alifika alasiri kwa pikipiki. Alivaa glovu, akauliza nani kaguswa na mate, akamkagua mbwa toka puani mpaka mkiani. Alipofika sikioni akanusa. Akaingiza koleo jembamba akatoa mbegu ya nyasi, mkia wake wote umelowa weusi.

"Hii ndiyo iliyomfanya atikise kichwa," alisema. "Na tumbaku nani kamtia?"

Ungeona watu wazima wanavyotazama kucha zao.

"Tumbaku ni sumu kwa mbwa. Mate, kutetemeka, kutapika, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini kichaa hakithibitishwi kwa macho. Kichwa kitaenda kupimwa, na walioguswa na mate waende kuchomwa sindano leo leo, wasingoje majibu."

Tulikwenda, mama na mimi na wale vijana. Majibu yalikuja baadaye: hapakuwa na kichaa. Unadhani kuna aliyekuja kumpa mama pole? Baba mkubwa alisema mbele yetu, "Mbwa ni mbwa tu. Mbona mnalia kama amekufa mtu?"

Ni mama yake mzazi, bibi yangu mzaa baba, aliyemjibu. Alitembea kwa fimbo yake toka jikoni mpaka kwa mwanawe, polepole, watu wote wakimngoja.

"Kassian," alisema, "umetafuta kichaa kwenye mbwa. Kilikuwa kwenye chupa. Huyu mjane ulimkuta na kitu kimoja tu cha kumlinda, na hicho umekiua, halafu unamwuliza ni wa nani. Ni wa kwangu. Siku nyingine uliza hilo mbele yangu."

Baba mkubwa akasonya, akarudi kwenye tumbaku yake. Nyasi zilibaki zimesimama mpaka siku aliyotaka yeye. Mama akawa anaenda kwenye kuni peke yake, anagonga magogo kwa mti mrefu, anasubiri, anagonga tena. Hakufuga mbwa mwingine. Niliporudi likizo iliyofuata nilimwuliza, akaniambia, "Nimpe jina gani sasa? Nimechoka mimi."

Jumapili hii baba mkubwa huyo huyo amekuja hapa kwetu Bombambili. Amezeeka, na wewe unamwita babu, ni sawa. Mbwa wako Simba akaingia kutoka kile kiwanja kisicholimwa nyuma ya uzio, anatikisa kichwa. Na yule mzee, kikombe cha chai mkononi, akasema, "Kupe huyo. Humu ndani hakuna tumbaku?" Baba yako, Mungu anamwona, akavaa kandambili aende dukani!

Uliniona nikisimama. Nilisema, "Shikamoo, baba mkubwa," ingawa nilishamwamkia asubuhi.

"Marahaba."

"Mbwa huyu ana mwenyewe. Ukimgusa, hiyo chai utaiacha, na Lusewa utarudi kwa miguu."

"Mama Neema," baba yako akasema, "huyo ni mzee."

"Namjua mimi kabla yako wewe. Ita bajaji."

Tulimfunga Simba mdomo kwa kitambaa, taratibu, asituume kwa maumivu, tukampeleka kwa daktari wa mifugo, na mbegu uliiona mwenyewe ikitoka. Usiku uliniuliza kwa nini nilimfokea babu. Hilo ndilo jibu. Baba mkubwa alipoulizwa kuhusu Watachoka pale mezani alisema hakumbuki mbwa wa jina hilo. Hakumbuki!

Basi shika haya. Ukifuga mbwa, nyasi za nyumbani kwako zikatwe kabla hazijabeba mbegu, hata kama mwenye nazo ni mfalme. Kuni ziwe mbali na mlango na zisilale chini. Mbwa akitoka porini, mpitishe mkono mwili mzima: masikio, macho, kwapa, katikati ya vidole. Mbegu iliyo kwenye manyoya itoe. Iliyozama usiichokonoe, na usimimine kitu, si tumbaku, si mafuta ya taa, si dawa ya mtu yeyote anayeagiza bila kuinama. Akiumwa na nyoka, usimchanje, usimfunge kamba, usimfukuze nyoka umuue. Mbebe mbwa asitembee, wahi kwa daktari. Akitemewa machoni, maji safi mengi, kisha daktari. Mpeleke akachanjwe dhidi ya kichaa kila mwaka. Na mbwa akitoa mate usijue sababu, kaa mbali naye, mfungie, ita mtaalamu. Akikung'ata, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, uende hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa kipo na kinaua. Ndiyo maana hakitakiwi kutumika kama kisingizio.

Na kuhusu wazee. Utawaamkia, utawapokea mzigo, utawapa kiti. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ni kweli, lakini nimeona na guu la asiye na kosa likivunjwa kwa sababu mkuu hakutaka kusikia. Mkubwa akikwambia ushike miguu ya kiumbe ambaye hujui anatendwa nini, kunja mikono yako. Ukichekwa, chekwa.

Mungu akupe magoti mepesi ya kuinama utazame kabla hujasema, na akupe sauti itakayosikika kuliko yangu ilivyosikika siku ile. Akukinge na nyoka wa kwenye kuni na wa kwenye viti. Usiwe kamwe mtu wa kuulizwa ni wa nani. Na baba mkubwa Kassian, Mungu amsamehe yeye, maana mimi nimejaribu Jumapili zote hizi na bado.