Kondo la Ng'washi

Nusrat Muhidini alizaliwa Mlandege, Iringa, kwa wauza vitenge, na angebaki dukani kama si ubishi wake. Alipokuja Mbeya nilimfundisha kazi ya maabara mimi mwenyewe, kwa hiyo katika haya nami nina fungu langu la lawama.

Kazi yetu ni kondo la nyuma. Ndani ya seli, uzi wa DNA umezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, na juu ya histoni kuna alama za kikemia zinazoamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Tunataka kujua kama njaa ya mama huzibadili alama hizo. Tunakata kipande kidogo, tunakichovya kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, dakika kumi tu, alama zishikamane na jeni zake zisihame. Kondo lililobaki tunamrudishia mama akalizike kwao. Hiyo ni ahadi, na sisi hatukuwahi kuivunja.

Ng'washi, mke wa Budeba, alitoka mashambani Usangu. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Ya tatu aliibeba mwaka mpunga ulipokauka. Alikubali kutuachia kondo ili ajue kosa liko wapi. Mtoto alizaliwa Jumamosi alfajiri, mdogo mno, na kabla ya saa sita mchana akafariki.

Nusrat alikaa naye wodini wakilia wote wawili, kipande hakijakatwa. Aliporudi maabara umeme ulikuwa umekatika na jokofu lililohifadhi kondo limepata joto. Kwao pia kondo huzikwa, akaona aibu kumpa mfiwa kitu kilichooza. Akalitumbukiza lote kwenye formalini mpaka Jumatatu. Nilimfokea, Mungu anisamehe, maana siku mbili kwenye dawa ile hukaza kila kitu, na hakuna kipimo kinachoweza kuzisoma alama tena.

Wazazi walikuja Jumatatu hiyo kuchukua maiti na kondo. Budeba alifunua ndoo, akaligusa.

"Dada, hii imekuwa kama soli ya kiatu. Haiozi tena hii. Ardhi itaifanya nini?"

Ng'washi akamsogelea Nusrat.

"Basi niambie ilisema nini. Ni njaa, au ni mimi?"

Nilimkonyeza Nusrat aseme njaa. Nani angemlaumu? Lakini yule binti hajui kudanganya.

"Haikusema kitu, dada yangu. Nimeiharibu mimi."

Ng'washi alifunika ndoo taratibu, akashika kishikio chake.

"Basi ni mimi," akasema.