Kadi ya Shangazi Ilivyokwenda kwenye Kompyuta

Niliingizwa kwenye kamati ya mpango wa kompyuta kwa sababu mbili: mwandiko wangu ulisomeka, na siku ile nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Sijui ipi ilikuwa na uzito zaidi. Nilikuwa karani wa tarafa, nimeishia darasa la nane, na kompyuta nilikuwa nimeisikia redioni mara moja tu, nikadhani ni aina ya trekta.

Tulikuwa watatu. Mtaalamu alitoka Dar es Salaam, kijana aliyesomea ng'ambo, suruali yake pana chini kiasi cha kufagia ofisi. Katibu tarafa alikuwa mkubwa wangu, mtu wa vitendo, asiyependa swali libaki wazi hata kama jibu halijapatikana. Wa tatu mimi na penseli zangu.

Mtaalamu akatueleza kwamba mashine iko Dar es Salaam, ukubwa wake kama nyumba ya mwalimu, haijui Kiswahili wala Kishambaa, inakula kadi zilizotobolewa matundu. Sisi tupange maelekezo itakayoyafuata, yeye aliyaita programu, kisha tujaze kadi za penseli ambazo wasichana wa huko watazitoboa.

"Kwanza mipaka ya mradi," akasema. "Tunataka kujua nini? Kitu kimoja tu, ndugu zangu."

"Kabichi," akajibu katibu tarafa.

Alitaka kujua kabichi za Shume na Magamba zinakomaa lini, ili malori yaje kabla hazijaozea barabarani. Nikaandika: mipaka, kabichi. Kwa haki niseme lilikuwa wazo zuri sana, na lilidumu mpaka chai ilipoletwa. Baada ya chai tuliongeza mbuzi. Halafu idadi ya wake, maana kama unamuuliza mtu mbuzi zake, kuna ubaya gani? Kufika saa saba mchana kabichi ilikuwa imesahaulika kabisa, na mradi ulikuwa huu: kujua nani ana ardhi kiasi gani, ili mashine yenyewe ichague mashamba ya kuingizwa kwenye shamba la pamoja la kijiji kipya cha Ujamaa.

"Mashine haina shemeji," akasema katibu tarafa. "Hakuna atakayeinung'unikia."

Kanuni ikawa kwamba mwenye mashamba zaidi ya manne ni kabaila, na mashamba yake yote ni ya kijiji. Sikupinga. Walikuwepo kweli watu wenye mgongo mzima wa mlima huku jirani zao wakilima penye mawe, na mimi niliona ni sawa waguswe.

"Hatari za mradi?" akauliza mtaalamu.

"Mvua," akasema katibu tarafa. "Kadi zinaweza kulowa."

"Nyingine?"

"Andika hakuna. Zikiwa nyingi watadhani hatujajiandaa."

Nikaandika mvua, na chini yake nikaandika hakuna, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Ikabaki sehemu ya maadili. Mtaalamu, na hili namhesabia, ndiye aliyeuliza: wananchi wataambiwa kadi hizi ni za nini?

"Tukisema za ardhi watatuficha. Waambiwe ni za mbolea."

"Huko si kuwadanganya, ndugu katibu?"

"Kudanganya kwa vipi? Mbolea itakuja. Sisi hatukutaja siku."

Mtaalamu akaitazama kalamu yake, na mimi nikaitazama yangu. Maadili yalichukua muda mfupi kuliko mvua.

Nikapanda mlima na kadi zangu. Swali la saba lilisema: Shamba hili ni la nani? Sasa, kwetu mtu mwenye adabu hasemi shamba ni langu. Baba yake akiwa hai, ni la baba. Baba akifa, ni la yule babu aliyefyeka msitu. Unaweza kulilima miaka thelathini, ukalizeekea, na bado ukiulizwa utasema la babu, maana kusema langu ni kama kuwaambia ndugu zako watoke. Mimi ni Mshambaa, nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Lakini haikunijia kabisa kwamba mashine hailijui. Nilidhani kitu kilichotengenezwa na watu wenye elimu ile kitakuwa na namna yake ya kuelewa.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa mjane. Alikuwa na mashamba matatu kwa upande wa mumewe: migomba nyumbani, mboga bondeni, na mahindi chini kabisa nyikani, kwa sababu mvua ikigoma juu huenda ikanyesha chini. Kwa kupanda na kushuka huko alikuwa amelisha wajukuu watano.

"Hili la nani, shangazi?"

"La baba mkwe."

"Na la bondeni?"

"La baba mkwe. Kwani wewe umeanza kuwa mgeni lini? Unataka niseme langu, shemeji yangu asikie, aseme nimezika mume nikameza shamba?"

"Ni mambo ya mbolea tu, shangazi."

"Basi mpelekee baba mkwe mbolea yake. Yuko pale nyuma ya mgomba, ana miaka kumi hajatembelewa."

Nikacheka, nikaandika jina la baba mkwe mara tatu.

Wiki kadhaa baadaye mtaalamu alirudi na karatasi ndefu iliyokunjwakunjwa kama nguo ya dukani. Ilikuwa ni majaribio, alisema. Mashine ilikuwa imegundua makabaila tisa mlimani kwetu. Niliyasoma majina. Saba kati yao nilijua makaburi yao. Wa kwanza kabisa alikuwa baba mkwe wa shangazi, ambaye watoto wake, wajukuu na wakwe zake wote walikuwa wamemtaja kwa heshima, hata mjukuu aliyehamia upande wa Vuga, akatokea na mashamba kumi na saba.

"Tumewanasa!" akasema katibu tarafa.

"Ndugu katibu, hawa ni marehemu."

"Ndiyo ujanja wao huo! Wanaficha ardhi kwa marehemu."

Mtaalamu akayapitia majina upya kwa kidole. Halafu akasema kosa si la mashine wala la wananchi, ni la swali. Tungeuliza: nani analima hapa? Kila mtu angejibu mimi, bila kumkosea mtu. Akanirudishia kadi zote. Lori litaondoka Ijumaa jioni, alisema, na nitakazokuwa nimezirekebisha zitahesabiwa upya, na nyingine zitakwenda zilivyo.

"Ila usianzie kwa shangazi yako," akasema katibu tarafa. "Watu wanaangalia."

Hakuwa na haja ya kuniambia. Nilikuwa nimeshajiambia.

Nikaanzia kwa mtu mmoja aliyewahi kunitukana mbele ya watu sokoni, ili isisemwe nina kinyongo. Nikafuata familia za Waislamu za bondeni, ili isisemwe karani Mlutheri anawapendelea Walutheri. Halafu Wakatoliki, kwa sababu ileile. Halafu Walutheri wa usharika mwingine. Majirani zangu niliwaweka Alhamisi, ndugu zangu Ijumaa, na shangazi mwisho wa ndugu. Nilijiona mtu mwadilifu sana, nakumbuka hata mwendo wangu ulibadilika.

Jumatano nilipita mlangoni kwake.

"Mbona unapita kama hunijui?"

"Shikamoo shangazi. Zamu yako inakuja."

"Marahaba. Zamu? Kwani nimeleta mtoto kliniki?"

Sikumweleza kwa nini nilikuwa nazunguka tena. Kueleza kungekuwa upendeleo, maana wengine sikuwaeleza.

Ijumaa asubuhi mawingu yalishuka mpaka kwenye mapaa, na dereva akaogopa njia ya Mombo itateleza, akaamua kuondoka saa sita. Hatari moja tuliyoiandika ilikuwa imefika, lakini upande wa maandalizi tulikuwa hatujaandika kitu. Mimi nilikuwa nyumba mbili tu kutoka kwa shangazi niliposikia honi ikipigwa ofisini.

Kadi yake ilikuwa mfukoni, na penseli ilikuwa sikioni. Jibu nililijua tangu utotoni, nilikuwa nimekula ndizi za jibu lile. Nikasimama kwenye njia, matone yameanza, nikajiuliza kama nikiandika bila kumwuliza nitakuwa nimefanya kwa shangazi jambo ambalo sikulifanya kwa mwingine yeyote. Kila kadi niliyoibadilisha niliisikia kwanza kwenye mdomo wa mwenyewe. Nikaona si haki. Nikakimbia mpaka kwenye lori nikaikabidhi ilivyo.

Orodha iliporudi ilikuwa na kabaila mmoja, baba mkwe wa shangazi. Alikuwa amepunguziwa mashamba na watoto na wajukuu wote niliowafikia, akabaki na matatu, yasiyotosha hata kwa kanuni yetu. Lakini majina ya majaribio yaliyobaki na kadi isiyorekebishwa hayakufutwa, mtaalamu alisema alikuwa ameyaacha ili kulinganisha, na aliyesoma orodha huko juu hakujua kulinganisha ni nini. Niliandika barua ya kuomba marekebisho. Mtaalamu akanijibu kwa mkono wake, kurasa nne, akijilaumu kuliko alivyostahili. Katibu tarafa alisema orodha ya mashine haina rufaa, kwa kuwa mashine haina ofisi hapa.

Katibu tarafa aliisoma mkutanoni: mashamba yote matatu ya baba mkwe ni ya kijiji. Shangazi akaipokea amesimama. Alipopita nilipokuwa nimekaa alisema polepole, "Haki yako ina foleni ndefu, mwanangu."

Siku hizi analima migomba yake pamoja na kijiji, kwa mstari anaopangiwa. Nikipita namwamkia. Zamani marahaba yake ilifuatwa na Kishambaa kingi, mama hajambo, mtoto ameacha kukohoa, mbuzi amezaa, mpaka nichelewe kazini. Sasa ananijibu marahaba, anainamia jembe, na mimi nawahi ofisini.