Betri ya Masaa Matatu

Nilinunua betri ya masaa matatu, ikanifanyia kazi siku mbili mfululizo bila stima.

Na si mara moja. Miaka miwili mizima.

Naitwa Muthomi, nauza intaneti ya majumbani. Mlingoti wangu uko shambani kwa wazazi, Timau, nyuma ya zizi. Una antena mbili, rauta na sanduku la betri, basi.

Betri niliitoa Nanyuki, dukani kwa Kafia. Huyo mama haogopi kumkatisha mteja tamaa.

"Hii ni ya kuwasha gari," aliniambia. "Kwa hiyo mzigo yako itakupa masaa tatu. Chukua ya lithiamu, hiyo ndiyo inakaa na mzigo."

Lithiamu ilikuwa bei ya ndama. Nikabeba ya gari.

Wiki iliyofuata stima ikapotea siku mbili. Mimi niko Nanyuki, naangalia kwa simu. Mlingoti uko hewani. Kila baada ya masaa machache unazima dakika mbili, kisha unarudi. Nikasema ni antena zinajiwasha upya.

Nikampigia Kafia kumchokoza. "Betri yako imekataa kufa."

"Kuna kitu hujaona, Muthomi."

Nilicheka. Nikampigia na baba, mzee Mutwiri, aliyelimia watu ngano na trekta yake kuukuu. Nikamweleza vile nilichagua vizuri.

"Hiyo ni mzuri sana," akasema. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi.

Mwaka huu, mwezi wa pili, alianguka shambani. Hakuamka.

Sikulia. Nilichagua jeneza vile huwa nachagua waya: urefu, bei, twende.

Dada yangu Ntinyari yuko Doha, na mwajiri wake alimnyima ruhusa. Aliniomba kitu kimoja tu, aone baba akizikwa. Mtandao wa simu pale shambani hauwezi video, kwa hivyo nikamwahidi mlingoti wangu.

Siku ya mazishi stima ilipotea saa tatu asubuhi.

"Itashika?" Ntinyari akaandika.

"Tulia. Hiyo ni betri ya siku mbili."

Saa sita, jeneza likiwa juu ya kaburi, picha ikaganda.

"Dakika mbili tu, inarudi," nikamwambia pasta. Akangoja. Watu wote wakangoja. Zikapita mbili, tano, kumi. Pasta akanishika bega, tukamshusha baba.

Ntinyari hakuona.

Jioni nikafungua sanduku la betri. Mama akaja kusimama nyuma yangu.

"Mama, hii betri imekuwaje?"

"Ati hukujua? Stima ikipotea, baba yako alikuwa anatoa ya trekta anaweka hapo. Yako anapeleka kuchaji kwa sola ya nyumba. Halafu anabadilisha tena. Hata kama ni mvua."

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema ulikuwa umeifurahia sana."

Niliona aibu. Zaidi ya hiyo aibu sikuhisi kitu, na mpaka leo sijalia.

Nilirudi kwa Kafia nikachukua lithiamu. Hakunicheka.

Ndugu zangu mnaochagua betri, pimeni mzigo na muamini hesabu. Ikidumu kuliko hesabu, msijisifu. Nendeni muulize ni nani anaibeba.

Siku hizi stima ikipotea, mlingoti hauzimi hata sekunde. Mimi bado naangalia simu, nangoja zile dakika mbili.