Kofia ya Prosesa

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mimi shule niliiacha mapema na kompyuta siijui. Msinisahihishe. Nawaambia nilichokifanya kwa mkono wangu, basi.

Mjukuu wangu wa kike anatengeneza video za harusi. Mashine yake iko sebuleni kwangu, hapa mtaani Namuwongo, maana chumba chake hakina dirisha la maana. Mwaka huu ikaanza kuchemka. Akiipa kazi, feni inalia kama inafukuzwa, halafu kimya. Imezima, na kazi ya asubuhi nzima imepotea. Akabadilisha feni, akapangusa vumbi, akapaka dawa mpya ya kupitisha joto. Wapi! Na bibi harusi mmoja wa Kabalagala anapiga simu kila siku kuulizia video yake.

Siku moja akaniletea kitu kidogo, bapa, cha mraba.

"Haboba," akasema, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, "hii ni prosesa, ubongo wa mashine. Hii imeshakufa, nimepewa na fundi. Unaona hii kofia ya bati? Imegandishwa kwa gundi. Chini yake kuna dawa nyingine, nadhani kwenye ile yangu imekauka, ndiyo maana joto halitoki. Watu wanakata gundi kwa wembe, wanaitoa kofia, wanapaka dawa upya."

"Na wembe ukiteleza?"

"Ukizama kidogo tu, prosesa imekufa. Na mimi kazi sina tena."

"Sasa unaniletea mimi ya nini?"

"Nani mwingine ana mkono kama wako?"

Hilo ndilo lililonikosesha raha. Mtaa huu mzima, mtoto akitimiza siku saba, mimi ndiye ninayemnyoa nywele za kichwa alizotoka nazo tumboni. Sijawahi kumtoa mtoto damu, hata tone.

Binti yangu, mama yake huyo msichana, akacheka kutoka jikoni. "Mama, leo unanyoa kompyuta? Tumwite na shehe aje na ubani?"

"Wewe angalia sufuria yako."

Nikasema nitafikiri. Lakini kufikiri kwenyewe sikuweza. Nilikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Nilikwenda dukani, nikarudi bila nilichokifuata. Mwenzenu nilikuwa na jambo. Tangu Ramadhani namimina chai nusu kikombe, nao wanadhani ni ubahili. Nikijaza kikombe, chai inamwagika kwenye sahani.

Kesho yake wote walipotoka, nikakaa mlangoni penye mwanga na ile prosesa iliyokufa. Nikaingiza wembe kwenye kona. Gundi ilikatika taratibu kama ukoko wa wali. Upande wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikaanza kujisifu. Upande wa nne mkono ukaruka, wenyewe, sikuutuma. Kofia ilitoka, ndiyo, lakini chini, kwenye ubao wa kijani, palikuwa na mkwaruzo mweupe mrefu kama punje ya mchele.

Nikaitia mfukoni. Nikajiambia: ilikuwa imekufa, nani nimemuua? Tangu hapo sikukaa. Mlangoni, dirishani, mlangoni.

Mjukuu alirudi na wembe mpya, uso unang'aa. "Haboba, tufanye sasa hivi. Bibi harusi kasema kesho anakuja mwenyewe, na anakuja na shangazi zake."

Ulimi wangu ukasema, "Lete."

Akaitoa kwenye mashine prosesa yake iliyo nzima, akaiweka juu ya kitambaa cheupe mbele yangu. Nikashika wembe. Mkono ulikuwa umetulia kabisa, na hilo ndilo lililonitisha, maana hata asubuhi ulianza hivyo hivyo. Nikauweka wembe chini, nikatoa ile nyingine mfukoni.

"Tazama hapo."

Akatazama. "Ya kwanza kila mtu anakosea, haboba."

"Sikukosea. Mkono unaruka."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

Akauvuta wembe upande wake. Halafu akasema, "Basi nitakata mwenyewe."

"Wewe? Vitunguu unavyokata wewe ni matofali."

Akacheka, lakini macho yalikuwa na maji. Akazungusha ile prosesa nzima kwenye vidole, akaizungusha tena, halafu akairudisha mahali pake bila kuifungua. Kuna mahali ndani ya mashine pa kuiamuru iende polepole, akaiamuru hivyo. Sasa kazi ya asubuhi inachukua mchana kutwa, lakini haizimi. Bibi harusi akaambiwa angoje wiki moja. Matusi yake niliyasikia kutoka nilipokaa, na simu ilikuwa sikioni mwa mjukuu.

Kama tulifanya vizuri, sijui. Pengine mkono mzima ungeiponya. Pengine ingekufa palepale. Nikiipita mashine bado naigusa ubavuni kuona ina joto kiasi gani.

Alasiri ya siku ile ya wembe nikamwita binti yangu atoke jikoni, na mjukuu akiwa hapo hapo, nikamwambia binti: "Mtoto wa jirani anatimiza siku saba Jumapili. Utamnyoa wewe. Mimi nitakishika kichwa tu. Na asiniulize mtu."